Timu Imeuzwa, Jina la Uwanja Bado

Enyi mlioketi, nanyi mliosimama kwa kukosa pa kuketi. Wenye vikombe mkononi, nanyi mnaongoja kumiminiwa: nawasalimu nyote kwa heshima inayowastahili, mkubwa kwa umri wake na mdogo kwa matumaini yake. Sikuja na hotuba wala mawaidha. Nimekuja na kisa cha Ijumaa moja, nacho hakikuzidi urefu wa birika moja la kahawa. Nitegeeni sikio hadi birika liishe.

Pahali penyewe ni Batha, katikati ya Riyadh, nyuma ya kituo cha mabasi, mbele ya duka la Mzee Makame ambamo makasha hupimwa uzito kabla ya kusafirishwa Mombasa, Dar na Unguja. Nje ya duka pana viti vitatu vya chuma vilivyounganishwa, mabaki ya chumba cha kungojea cha zahanati iliyofungwa, navyo vingali na namba zake: kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Hapo ndipo kijiweni. Kumi na nne ni cha Gaudensi, Mtanzania mtunza stoo, aitwaye Ibara kwa kuwa hawezi kutoa hoja bila kuipa namba kama kifungu cha sheria. Kumi na tano ni cha Wesley, Mkenya mpeleka vyakula kwa pikipiki, aitwaye Kona, maana hakuna kona ya Riyadh ambayo hajawahi kupotelea. Kumi na sita ni cha Ephraim. Makame mwenyewe, Mzanzibari wa miaka mingi ugenini, huketi juu ya mizani yake ya kupimia makasha, birika kando, na kila azungumzapo kwa jazba sindano ya mizani huruka.

Ephraim ni Mkenya wa Vihiga, aliyelelewa kando ya tanuri la matofali, na kazi yake Riyadh ni kazi ambayo wengi hawajui kama ipo: hutunza uwanja wa besiboli wa timu iitwayo Hudhud, kwa jina la ndege aliye kwenye nembo yake. Besiboli, kwa asiyeijua, ni mchezo ambao mmoja hurusha mpira, mwingine huupiga kwa gongo, kisha mpigaji hukimbia akigusa vituo vitatu hadi arudi pale alipoanzia, napo huitwa nyumbani. Mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo. Kichuguu hicho Ephraim hukikanda kwa mikono, hukinywesha maji kabla jua halijapanda, kisha hukifunika turubai, kwa kuwa jua la Riyadh likikikuta wazi kwa adhuhuri moja tu, hupasuka vipande. Kwa sababu yake, kijiwe kizima kikawa mashabiki. Walianza kwenda uwanjani kufuata kivuli na maji baridi. Msimu wa pili wakawa wanagombana na refa.

Sasa wiki ile ikavuma habari kwamba tajiri wa marumaru aliyemiliki Hudhud ameiuza, kwamba mnunuzi ni wa Jedda, kwamba timu itahamia huko, na kwamba hata jina la uwanja mpya linauzwa. Kwa wengine ilikuwa habari ya michezo. Kwa Ephraim ilikuwa habari ya ndoa. Mkewe, Keziah, anafanya kazi za nyumbani Jedda na kulala kwa mwajiri, na katika miaka mitatu wameonana mara nne, kila mara baada ya Ephraim kukesha safarini kwenye basi. Madam wake Keziah, mama mwenye huruma na maneno machache, amekwisha kuahidi: mumeo akiwa mkazi wa Jedda, Ijumaa zote tangu alasiri ni zenu. Lililobaki kujulikana ni kama timu ikienda itamchukua na Ephraim, au itawachukua wachezaji tu na kumwacha yeye na turubai lake.

Basi kila Ijumaa, madam anapolala baada ya chakula cha mchana, Ephraim humpigia simu mkewe, huongeza sauti hadi mwisho, huitia simu katika mfuko wa shati, na kumwacha humo. Keziah huko Jedda huendelea na kazi zake akisikiliza kijiwe cha Riyadh. Wenzake wamezoea. Humwita Shemeji wa Mfukoni.

— Shemeji wa Mfukoni, hujambo? — aliuliza Kona, akiinamia kifua cha Ephraim kana kwamba anampima mapigo ya moyo.

— Sijambo, shemeji. Toa hicho kichwa, naskia vile unapumua.

— Leo uko na kazi gani?

— Kupiga pasi. Kanzu kumi na moja. Nyinyi bishaneni, mkibishana mikono yangu inaenda haraka.

— Hapo sasa! — Kona akawageukia wenzake. — Manze, mimi nimeshajua wanunuzi ni nani. Mwezi uliopita nilipeleka chakula ofisi fulani Sulaimaniya, ghorofa ya nne. Mlangoni nikaona picha ya yule ndege wa Hudhud. Sikushtuka. Sasa ndio naelewa, walikuwa wanauziana timu. Na unajua nilibeba sahani ngapi?

— Ngapi? — aliuliza Ibara.

— Tisa. Na wachezaji wa besiboli wakiwa uwanjani ni wangapi?

— Tisa.

— Basi! Wanunuzi ni tisa. Kila mmoja ananunua nafasi yake. Huyu ni mwenye mrushaji, huyu ni mwenye mdakaji, huyu mwingine ni mwenye yule jamaa husimama mbali kule akihesabu ndege. Ndio maana bei haijatajwa. Wanagawana.

— Kaka Wesley, ibara ya kwanza: idadi ya sahani si idadi ya watu. Wewe mwenyewe unamaliza sahani tatu na ni mtu mmoja.

— Sasa hiyo ni kunivunjia heshima mbele ya shemeji.

— Shemeji anajua, — ilisema sauti ya mfukoni.

Makame alimimina kahawa ya tangawizi katika vikombe visivyozidi ukubwa wa ganda la yai, akavizungusha kwa utaratibu wake, wa kulia kwanza.

— Mie nna suali moja, — alisema. — Jina lauzwaje? Mie nauza uzito. Kilo ni kilo, waiona kwa macho yako. Jina utaliweka wapi ulipime?

— Mzee Makame, ibara ya pili. Kampuni inatoa fedha ili uwanja uitwe kwa jina lake. Mtangazaji kila akisema tuko uwanja wa fulani, keshawafanyia biashara yao. Lakini aisee, hiyo ni juu juu tu. Ndani kuna jambo zito. — Ibara akashusha sauti, akatazama kulia na kushoto. — Kuna tajiri ananunua hilo jina ili asiliweke.

— Asiliweke?

— Asiliweke kabisa. Uwanja ubaki bila jina. Washindani wake wote watakosa pa kujiandika. Yeye analipia ukimya.

— Buda, na mtu akitaka kwenda uwanjani atamwambia nini dereva wa teksi?

— Atamwambia, nipeleke pale pasipoitwa kitu.

— Na sisi wa kupeleka chakula tutatafuta nini kwa ramani?

— Mtatafuta sehemu iliyo tupu. Ndiyo hiyo.

Kona alishika kichwa. Mfukoni zilisikika pumzi za pasi ya mvuke, na chini yake kicheko kilichobanwa meno.

— Nyote hamjui kitu, — alisema Makame. — Mwatazama chini, na mambo yako juu. Hebu niambieni, ndege za mahujaji zatua wapi?

— Jedda.

— Jedda. Watu wangapi wako madirishani? Hawahesabiki! Wamefunga mikanda, watazama nje, hawana kazi nyengine ila kuomba dua. Sasa weye tia paa la uwanja, na juu ya paa andika jina. Herufi moja iwe kubwa kuliko duka hili na bohari lake. Mtu wa Jakata alisome, mtu wa Kano alisome, mtu wa Makunduchi alisome. Keshafika kwao, mwaka mzima jina lamcheza kichwani.

— Lakini uwanja wa besiboli hauna paa, mzee, — alisema Ibara.

— Ndo maana wajenga mpya! — Makame aliruka, na sindano ya mizani ikaruka naye hadi mia. — Na subirini, yakhe. Mtu ataambiwa achague, kiti cha dirishani cha kusoma jina, ama kiti cha kati cha kulala.

Hapo Kona hakukubali kushindwa. Alisimama, akachora kwa kiatu mraba juu ya vumbi la kando ya barabara, akausimamia kama mwalimu.

— Si jina moja, skizeni. Watauza kila kituo. Hiki cha kwanza, kampuni ya mtindi. Hiki cha pili, betri za gari. Cha tatu, manukato. Halafu mtangazaji anachachawa: huyooo anatoka Mtindi, anapita Betri, anateleza kwa tumbo, ameingia Manukato!

— Na nyumbani? — aliuliza Ibara.

— Nyumbani lazima achukue mwenye nyumba za kupanga. Na mchezaji akifika, kabla hajahesabiwa alama, analipa kodi ya miezi sita mbele.

Walicheka wote, hata Ibara, ambaye hucheka kwa nadra na kwa kifungu. Walicheka mpaka muuza soksi wa ng'ambo ya barabara, Mbangladeshi asiyejua neno la Kiswahili, naye akacheka. Ephraim peke yake hakucheka. Alikuwa akiutazama mraba ule juu ya vumbi, katikati yake, mahali ambapo Kona hakuchora kitu.

— Na kichuguu? — aliuliza.

— Kichuguu kimefanya nini?

— Kitakuwa cha nani?

Ibara alikohoa. Kona alimkonyeza anyamaze, ila Ibara akianza kukohoa huwa tayari namba imeshafika ulimini.

— Kaka Ephraim, ibara ya tatu, na nasema kwa masikitiko. Hawa matajiri wapya hawataki udongo. Watanunua kichuguu cha plastiki. Kinakuja kwenye boksi, kinafungwa na bolti sita. Hakitaki maji, hakitaki turubai, hakitaki ikama ya kuishi nchini.

Kona alimpiga Ibara teke la chini chini, likampata Makame.

— Gaudensi, — ilisema sauti ya mfukoni.

— Naam, shemeji.

— Hiyo plastiki yako ishawahi kushinda juu ya paa la Jedda?

— Sidhani, shemeji.

— Mimi hapa nikianika na vibanio vya plastiki, wiki mbili tu vinavunjika kama biskuti. Sasa mrushaji akikanyaga hicho kichuguu chako, si atabaki amesimamia bolti?

— Nilikuwa natoa uwezekano tu, shemeji.

— Toa mwingine. Na wewe Ephraim, umewaambia mambo ya udongo?

Ephraim aliona haya, akajifanya anatafuta kitu ndani ya kikombe. Ikabidi wambembeleze. Ndipo akaeleza kwamba tangu habari zivume, hakulala vizuri kwa kuufikiria udongo wa Jedda, ambako hewa ina maji ya bahari na jua halipungui. Kwamba kipimo cha maji anachotumia Riyadh huko kingeharibu kila kitu. Na kwamba mkewe, kila jioni anapopanda juu ya paa kuanua nguo, huchukua udongo wa vyungu vya maua vilivyovunjika, huukanda kama alivyoelekezwa kwa simu, huufinyanga donge kadiri ya andazi, hulibonyeza kwa kidole gumba na kuliacha juani.

— La kwanza lilipasuka kesho yake, — alisema Keziah. — La pili nikapunguza maji, nikaongeza mchanga. Leo ni siku ya tano. Limekaa, halina hata ufa.

— Ngoja kwanza, — alisema Kona. — Mnapima udongo, na hakuna mtu amewaita?

— Tunapima. Ama unataka tuitwe ghafla ndio tuanze kutafuta ndoo?

Makame alitikisa kichwa taratibu, akammiminia Ephraim kikombe cha pili kabla ya zamu yake, jambo ambalo pale kijiweni halijapata kutendeka hata kwa mgonjwa.

— Wallahi, — alisema, — hawa wakikosa Jedda, mie nafunga duka.

— Ungefunga baada ya kunipimia, mzee wangu.

Aliyesema hivyo alikuwa mwanamke kijana aliyesimama nyuma yao, kasha limekaa miguuni pake, fomu mkononi. Hakuna aliyemwona akifika.

— Subhanallah! Umesimama hapo tangu lini, mwanangu?

— Tangu ndege za mahujaji. Na sikutaka kuwakatiza, kwa sababu wewe ndiye uko juu ya mizani.

Makame alishuka kwa haraka, akiomba radhi kwa mikono miwili. Kasha lilipimwa: kilo ishirini na tatu, la kwenda Murang'a. Mwenyewe alijitaja kuwa ni Nyokabi, katibu katika ofisi moja Sulaimaniya, na kazi yake ni karatasi za wafanyakazi wanaohama kutoka kafili mmoja, yaani mwajiri mdhamini, kwenda mwingine. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika pale, kwani yule aliyekuwa akimsafirishia mizigo alirudi Kenya. Aliinama juu ya meza kujaza anwani, na bila ya kuinua macho akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa:

— Na huyu kaka alijibu nini?

— Kaka yupi? — aliuliza Ibara.

— Huyu wa kichuguu.

— Alimjibu nani?

— Mwajiri mpya. Timu ikiuzwa, kila mfanyakazi wanamtaka anatumiwa ofa ya kuhamishwa. Inakuja kwa jina lake na namba yake ya ikama. Anakubali ama anakataa, yeye mwenyewe, hakuna mtu wa kumjibia. Sasa si nyinyi mnajua mambo yote ya hii timu? Nauliza tu, yeye alijibu nini?

Kona alimtazama Makame. Makame alilitazama birika. Mfukoni ilisikika pasi ikiwekwa juu ya kikalio chake.

— Mimi sijaona ofa, — alisema Ephraim.

— Hukuiona, ama hukuifungua?

Hapa, wasikilizaji wangu, sina budi kuwajulisha sheria ya kijiwe kile. Mwaka uliotangulia Kona alipata ujumbe kwamba ikama yake imefungwa, abonyeze mahali fulani ifunguliwe. Alibonyeza, na mshahara wa mwezi mzima ukatoweka benki. Kuanzia siku hiyo wakapitisha kwamba ujumbe wowote wa ikama, wa kafili au wa benki usiguswe na mwenyewe. Uletwe kijiweni, usomwe kwa sauti, utolewe hukumu, kisha ufutwe mbele ya mashahidi. Na Ijumaa iliyotangulia Ephraim alikuwa ameleta mmoja, uliomfikia Jumatano ya wiki ile, kabla habari ya kuuzwa timu haijafika Batha. Ulisema: umetumiwa ofa ya kuhamisha huduma zako, jibu ndani ya siku kumi. Walikuwa wameusoma mara moja tu.

— Ile! — alisema Kona.

— Nani alisema afute? — aliuliza Keziah polepole.

— Mimi, shemeji. Nilisema ni wezi.

— Mimi niliunga mkono, — alisema Ibara. — Ibara ya... niliunga mkono tu.

— Na mie niliwamiminia kahawa ya kuwapongeza, — alisema Makame.

Kisha sauti ya mfukoni, imepungua ukali wote:

— Na mimi nilikuwa hapa hapa naskiza. Nikasema vizuri, futeni.

Ephraim alisimama, akaketi, akasimama tena. Alihesabu siku kwa vidole tangu Jumatano ile, akafika kidole cha kumi, akakishika kama mtu aliyejikata.

— Ni leo, — alisema. — Ya kumi ni leo.

— Basi mbona mnaomboleza? — Nyokabi aliweka kalamu chini. — Kufuta meseji si kukataa. Meseji ni ya kukujulisha tu. Ofa yenyewe inakaa kwa akaunti yako mpaka muda uishe. Uko na akaunti?

— Niko nayo. Karani alinifungulia nilipofika.

— Na namba ya siri unakumbuka?

Ephraim aliitoa simu mfukoni, akafumba macho.

— Ni tarehe ya harusi, — ilisema simu, sasa kwa sauti kubwa kwa kuwa hapakuwa tena na shati la kuizuia.

— Najua, Kezi.

— Basi andika.

— Naandika.

— Ephraim.

— Eeh.

— Mbona huandiki?

— Ilikuwa tarehe tisa... ama kumi?

Wanaume wengine watatu walitazama chini kwa pamoja, kwa aibu ya jinsia nzima.

— Kumi na mbili, — alisema Keziah. — Mambo ya tisa na kumi tutaongea tukionana.

Aliandika. Baada ya kitambo namba nyingine ya uthibitisho ikaingia kwa ujumbe, na Kona, kwa mazoea, akaruka mbele na kuziba simu kwa viganja.

— Usimpe mtu hiyo namba! Hata huyu dada! Hatumjui!

— Sijaiomba, — alisema Nyokabi, naye akaweka mikono nyuma ya mgongo. — Na uko sawa kabisa. Kaka, iandike mwenyewe, mimi nisiione.

Kiduara kidogo kilizunguka juu ya kioo. Kilizunguka kwa muda ambao Makame aliweza kusoma dua yote aijuayo ya safari. Kisha ukurasa ukafunguka, umejaa Kiarabu, na Ephraim akauelekeza kwa Nyokabi asome.

— Iko, — alisema.

— Iko? — waliuliza watatu.

— Iko. Inafungwa leo usiku. Mwajiri mpya, kampuni ya michezo. Kazi, mtunza uwanja. Mahali, Jedda. Mshahara ni uleule. Kuna chumba cha kulala, mtaa wa Al-Mahjar.

— Mahjar! — Keziah alipaza sauti. — Ephraim, Mahjar! Kutoka hapa ni basi moja! Hata sibadilishi!

— Na jina la uwanja? — aliuliza Ibara, hakuweza kujizuia. — Dada, samahani, hapo wameandika unaitwaje?

Nyokabi alishuka kwa kidole hewani, mstari kwa mstari.

— Uwanja wa timu. Jina: litatajwa baadaye.

— Hata wao! — alisema Ibara, nusu kwa majonzi, nusu kwa faraja. — Basi, waheshimiwa, kabla hajabonyeza, pendekezo langu ni tujadili. Ibara ya kwanza...

— Ibara, — alisema Ephraim. Hakupandisha sauti. — Leo unisamehe, ndugu yangu.

Na Ibara, kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, akaacha kifungu katikati kwa hiari yake.

Simu ilinong'ona:

— Madam ameamka. Ameingia hapa jikoni kuomba chai. Siwezi kuongea. Lakini nakuskia.

Kutoka Jedda yakasikika maji yakimiminwa sufuriani. Ephraim alipangusa kidole gumba kwenye suruali, mara mbili, kama afanyavyo kabla ya kuupima udongo. Kwenye kioo palikuwa na vitufe viwili, kimoja cha kijani na kimoja cha kijivu. Hakumtazama Kona. Hakumtazama Makame, wala Nyokabi. Alibonyeza cha kijani. Ukurasa ukamuuliza kama ana hakika. Alibonyeza tena. Yakaja maneno mafupi, na Nyokabi akayasoma kwa sauti ya chini:

— Ofa imekubaliwa.

Kona alijifuta uso kwa kofia yake ya kazi. Makame alinyanyua birika ammiminie Nyokabi, likatoa tone moja na mvuke. Alilitikisa, akalitazama ndani, akalitua. Hakuna aliyelalamika.

Ephraim aliinamia simu.

— Kezi, — alisema, — nimekubali. Nakuja Jedda.

Upande wa pili kikasikika kishindo cha bati juu ya vigae, na kifuniko cha sufuria kikizunguka, kikizunguka, kikizunguka, mpaka kikatulia. Sauti ya mama mtu mzima ikauliza kwa Kiarabu, kulikoni huko, Keziah? Na sauti ya Keziah, imechanika katikati ya kilio na kicheko, ikamjibu kwamba hakuna tatizo:

— Mafi mushkila, madam! Wallahi mafi mushkila!

Haya mimi sikuyashuhudia. Aliyenisimulia kwanza ni Keziah mwenyewe, Ijumaa moja alasiri huko Jedda, mumewe akiwa ameketi kushoto kwake na kumkatiza kila sentensi ya pili. Keziah hadi leo anashikilia kwamba kile kifuniko kiliteleza chenyewe.